Baridi, joto na chakula: Siri ya mdudu anayelinda matunda ya Meru na Embu

WAKULIMA wengi wa matunda katika kaunti za Meru na Embu hutumia fedha nyingi kununua dawa za kuua wadudu, ilhali mlinzi mmoja asiyedai mshahara huwa tayari yumo mashambani mwao.

Mlinzi huyo ni mbawakawa mdogo wa mviringo, mwenye mgongo uliobinuka kama kibakuli kilichofunikwa. Aghalabu huwa mwekundu au wa rangi ya machungwa mwenye madoa meusi, au mweusi mwenye madoa mekundu. Watoto humchezea kiganjani hadi aruke. Wataalamu wa wadudu humhesabu miongoni mwa marafiki wakubwa wa mkulima, kwa kuwa yeye na watoto wake huishi kwa kula vidukari, vidung'ata, wadudu gamba na utitiri.

Hata hivyo, wakulima wengi hulalamika kwamba rafiki huyu hatabiriki. Msimu mmoja husafisha mti mzima kwa majuma machache, na msimu unaofuata haonekani kabisa, au huonekana akizubaa huku vidukari wakizidi kuongezeka. Anayekata tamaa huchukua bomba la kunyunyizia dawa, na hapo huua adui pamoja na mlinzi.

Ukweli ni kwamba tabia ya mdudu huyu ina utaratibu. Mambo mawili huamua iwapo atafanya kazi au la: kiwango cha joto shambani na aina ya chakula anachopata. Mkulima anayeelewa mambo hayo mawili hujua wakati wa kumwachia mdudu kazi yake, na wakati wa kumsaidia.

Ngazi za joto mlimani

Ni maeneo machache nchini yanayoonyesha nguvu ya joto waziwazi kama miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kwa kawaida, kila mtu anapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo.

Katika Kaunti ya Embu, mkulima wa Manyatta aliye karibu na mashamba ya majanichai huishi katika baridi, yule wa Runyenjes yumo katika ukanda wa kahawa wenye joto la wastani, na yule wa Siakago, Kiritiri au Ishiara, upande wa Mbeere, huvumilia jua kali na mvua chache. Safari ya gari kati ya maeneo hayo ni fupi, lakini kwa mdudu ni kama nchi tofauti.

Hali ni hiyohiyo katika Kaunti ya Meru. Timau ni mahali pa ngano na viazi. Nkubu na maeneo mengine ya Imenti yana makadamia, maparachichi na ndizi katikati ya mikahawa. Mitunguu, palipo chini zaidi, pana joto na mashamba yanayotegemea unyunyizaji wa maji.

Mbawakawa wa madoadoa hana uwezo wa kujipasha joto mwilini kama ng'ombe au binadamu. Joto la mwili wake hufuata lile la hewa na la jani alilotua. Hewa ikiwa baridi, damu yake huwa baridi, miguu huwa mizito, na hamu ya chakula hupungua.

Wataalamu hupima ukuaji wa wadudu kwa njia iliyo rahisi kueleweka. Kwanza huangalia kiwango cha chini cha joto ambacho mdudu hawezi kukua chini yake. Kisha huhesabu ni nyuzi ngapi za joto zinazozidi kiwango hicho kila siku, na kuzijumlisha hadi mdudu amalize safari ya kutoka yai hadi utu uzima.

Kwa aina moja iliyochunguzwa sana, ambayo asili yake ni Asia, kiwango hicho cha chini ni nyuzi 11 hivi za Selsiasi, na jumla inayohitajika ni nyuzi 270 hivi. Aina nyingine nyingi hazitofautiani sana na hiyo.

Tufanye hesabu. Joto la wastani likiwa nyuzi 25, mdudu hupata nyuzi 14 za kumfaa kila siku, na hukomaa kwa siku 19 hivi. Joto likiwa nyuzi 20, hupata nyuzi tisa tu, na huhitaji siku 30. Likishuka hadi nyuzi 16, hupata nyuzi tano, na safari hiyohiyo humchukua siku 54.

Kwa maneno mengine, tofauti ya nyuzi tisa kati ya shamba la chini na shamba la juu huweza kurefusha utoto wa mdudu huyu karibu mara tatu.

Kidukari huwahi mapema

Tatizo ni kwamba adui anayeliwa hafuati hesabu hiyo. Vidukari wengi huweza kukua katika baridi inayomzuia mbawakawa. Wengine huanza kukua joto linapofika nyuzi tano au sita tu.

Tuchukue mfano wa kidukari anayeanza kukua kwenye nyuzi sita na kuhitaji jumla ya nyuzi 125 ili akomae. Katika nyuzi 25 atakomaa kwa siku saba hivi, na katika nyuzi 16 kwa siku 12 au 13.

Linganisha sasa. Penye joto la nyuzi 25, vidukari hupata vizazi vitatu hivi kabla kizazi kimoja cha mbawakawa hakijakomaa. Penye nyuzi 16, hupata vizazi zaidi ya vinne. Isitoshe, jike la kidukari huzaa watoto walio hai bila ya kuhitaji dume, na kila kizazi kinachoongezeka hukuza idadi yao maradufu.

Hii ndiyo sababu inayofanya vidukari kuonekana kushinda wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti katika maeneo ya juu ya Meru na Embu. Mlinzi yupo, lakini mbio zimeanza naye akiwa nyuma. Joto linaporejea mwezi wa Septemba, miti ikichipua majani machanga, mabuu ya mbawakawa hula kwa kasi na kwa kawaida huanza kuwapunguza maadui.

Mkulima anayepuliza dawa kali mwishoni mwa Agosti, majuma machache tu kabla ya mlinzi kupata nguvu, huvuruga mapambano yaliyokuwa karibu kugeuka. Dawa hiyo huua mbawakawa waliovumilia baridi yote, na kidukari atakayebaki au atakayeingia kutoka shamba jirani hukuta mti usio na askari.

Joto nalo lina kikomo

Isidhaniwe kwamba kadiri joto linavyozidi ndivyo mambo yanavyozidi kuwa mazuri. Kwa aina nyingi zilizochunguzwa, joto la kati ya nyuzi 22 na 30 ndilo linalofaa. Likipita nyuzi 33 au 35 na kudumu hivyo, mayai mengi hayaanguliwi, mabuu hufa, na majike hupunguza kutaga.

Mtu mzima huwa na njia ya kujiokoa. Hujificha chini ya majani, katika nyufa za magome au kwenye nyasi, akasubiri jua lipungue. Aina nyingine huhama kabisa au hulala majira ya ukame.

Kwa hiyo mkulima wa maembe au mapapai wa Mbeere asishangae mbawakawa wakipungua mwezi wa Februari na Machi, kabla ya mvua ndefu. Hawakufa wote. Wengi wanatafuta kivuli na unyevu, na shamba lililofyekwa likabaki udongo mtupu halina vyote viwili.

Hapo ndipo majani yaliyotandazwa chini ya miti, nyasi zilizoachwa pembezoni na miti ya kivuli vinapokuwa na thamani. Nyuzi mbili au tatu zinazopunguzwa na kivuli mchana zaweza kuwa tofauti kati ya yai linaloanguliwa na yai linalokauka.

Si kila kidukari ni chakula

Jambo la pili ni chakula, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba mbawakawa wa madoadoa hula chochote anachokutana nacho.

Wataalamu hugawa vyakula vya mdudu huyu katika mafungu mawili. La kwanza ni chakula kamili, yaani kile kinachowawezesha mabuu kukua hadi mwisho na majike kutaga mayai. La pili ni chakula cha kumwezesha tu kuishi, asife njaa, lakini asizae.

Chavua ya mahindi na ya maua mengine, pamoja na mbochi, yaani maji matamu ya maua, kwa aina nyingi za mbawakawa hawa huingia katika fungu la pili. Mdudu akila hivyo hudumu shambani kwa siku nyingi akingoja, lakini mara nyingi jike halitagi ipasavyo hadi lipate nyama.

Hata miongoni mwa vidukari wenyewe kuna tofauti kubwa. Kidukari wa kabeji na sukuma wiki huhifadhi mwilini kemikali kali anazozipata katika mimea ya jamii hiyo. Baadhi ya aina za mbawakawa humla bila ya shida, na nyingine hudhoofika au hufa zikiwa changa. Vidukari wa rangi ya manjano wanaokaa kwenye mmea wa maua uitwao olianda, na kwenye magugu yenye utomvu mweupe, hubeba sumu ya mimea hiyo, nao huzidhuru baadhi ya aina.

Aina nyingine zimejifunga na mlo mmoja tu. Kuna mbawakawa wadogo weusi, wasiozidi kichwa cha pini, ambao kazi yao ni kula utitiri. Kuna wengine wenye mgongo mgumu unaong'aa ambao hutafuna wadudu gamba walioshikamana na matawi. Kuna wanaokula vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaojaza vikonyo vya maembe na mapapai.

Kwa hiyo kuona mbawakawa wengi kwenye mahindi yenye vidukari si hakikisho kwamba watahamia kwenye mchungwa ulio na wadudu gamba. Mlinzi ni lazima alingane na mwizi.

Joto na njaa kwa pamoja

Mambo haya mawili hayatendi kazi kila moja peke yake. Joto linapopanda, mwili wa mdudu huchoma nguvu upesi, na mahitaji yake ya chakula huongezeka. Buu aliye katika joto hula wengi kwa siku, lakini akikosa chakula hufa mapema zaidi kuliko yule aliye katika baridi.

Maana yake kwa mkulima ni hii: katika maeneo ya joto, hatari kubwa kwa mlinzi ni njaa, na katika maeneo ya baridi, hatari kubwa ni kuchelewa. Dawa ya tatizo la Siakago haiwezi kuwa ileile ya Manyatta.

Penye joto, mkulima anayetaka shamba lisilo na kidukari hata mmoja humfukuza mlinzi wake bila ya kujua. Vidukari wakimalizika ghafla, watu wazima huruka kwenda kwingine, na mabuu yasiyo na mabawa huanza kulana yenyewe kwa yenyewe na kula mayai ya wenzao. Adui akirudi, hakuna wa kumkabili.

Vidukari wachache kwenye magugu ya pembeni au kwenye mimea isiyo ya kuuzwa huwa ndio akiba ya chakula cha askari. Mahindi, alizeti na dania iliyoachwa ichanue maua huongeza chavua na mbochi kwa siku ambazo nyama ni adimu.

Penye baridi, msaada unaofaa ni kumpunguzia adui kasi ili mlinzi amfikie. Matawi machanga yaliyojaa vidukari yaweza kukatwa na kuondolewa baada ya kuhakikisha hayana mabuu wala mayai ya mbawakawa. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nayo isizidishwe, kwa sababu huotesha majani mororo yanayowanenepesha vidukari.

Funzo la California

Kisa mashuhuri kuliko vyote kuhusu mbawakawa hawa kilitokea Marekani. Katika miaka ya 1880, mashamba ya machungwa ya California yalivamiwa na mdudu gamba mwenye kifuko cheupe kama pamba, aliyetoka Australia. Wakulima walijaribu kila aina ya sumu, na wengine wakaanza kung'oa miti yao.

Mwaka 1888, mtaalamu wa wadudu aitwaye Albert Koebele alitumwa Australia kutafuta maadui wa asili wa mdudu huyo. Miongoni mwa aliowatuma ni mbawakawa mdogo mwekundu mwenye alama nyeusi, ajulikanaye kitaalamu kama Rodolia cardinalis. Waliosafirishwa hawakuzidi mia chache, nao walizalishwa kwenye miti iliyofunikwa kwa turubai, kisha wakagawiwa wakulima.

Kufikia mwisho wa mwaka 1889 balaa lilikuwa limetulia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa wakulima wale usemi huo ulitimia. Mdudu huyo baadaye alipelekwa katika nchi nyingi za dunia, Afrika Kusini ikiwamo.

Siri ya ushindi huo ilikuwa ni hayo mambo mawili. Mdudu huyo hula karibu aina hiyo tu ya wadudu gamba, hivyo hapotezi muda kwingine, na katika joto la mashamba yale huzaliana upesi kuliko adui wake.

Kisa hicho kina sehemu ya pili isiyosimuliwa mara nyingi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, dawa ya DDT ilipoanza kupulizwa katika mashamba hayo, mbawakawa walikufa na mdudu gamba akarudi kwa kishindo. Utulivu ulirejea pale tu matumizi ya dawa hiyo yalipobadilishwa na mbawakawa kuletwa upya.

Funzo la nyumbani

Kenya nayo ina kisa chake, tena cha karibu na Meru na Embu. Katika miaka ya 1920, kidung'ata asiyejulikana alienea katika mashamba ya kahawa ya eneo la kati ya nchi, akashambulia pia mimea ya chakula.

Kwa miaka mingi wataalamu walimdhania kuwa ni wa aina inayopatikana Asia, na maadui wake wakatafutwa huko bila ya mafanikio, kwa kuwa walioletwa hawakumtaka kama chakula. Baadaye ilibainika kwamba ni aina tofauti, iliyopewa jina la Planococcus kenyae, na kwamba asili yake ni nchi jirani ya Uganda.

Mtaalamu R. H. Le Pelley wa Idara ya Kilimo alihusika katika kazi ya kuleta nyigu wadogo kutoka Uganda mwaka 1938, na nyigu hao ndio waliomdhibiti kidung'ata huyo katika maeneo mengi.

Katika kisa hicho kulikuwa na mshirika wa adui ambaye hadi leo husumbua mashamba: sisimizi. Kidung'ata na kidukari hutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyapenda mno, na kwa ajili ya utamu huo sisimizi huwalinda kama mfugaji alindavyo ng'ombe wake. Humuuma na kumfukuza mbawakawa anayekaribia.

Wakulima wa kahawa wakati huo walizungushia mashina mikanda ya grisi ili sisimizi wasipande. Njia hiyo ingali inafaa kwenye michungwa na miembe, mradi grisi ipakwe juu ya karatasi ya plastiki iliyofungwa kwenye shina, wala isiguse gome. Matawi yanayogusa ardhi au ua nayo yakatwe, kwani hayo ni madaraja ya sisimizi.

Kumtambua rafiki

Sababu nyingine ya kushindwa kwa walinzi hawa ni kwamba wakulima huwaua kwa kutowajua. Wengi hulitambua umbo la mtu mzima tu, ilhali walaji wakubwa ni mabuu.

Mayai huwa ya manjano, marefu kiasi, yamesimama kwa mafungu upande wa chini wa jani. Buu atokaye humo ni mwembamba, mweusi au wa kijivu mwenye alama za manjano au za rangi ya machungwa, ana miguu sita na hufanana na mamba mdogo. Buu mmoja huweza kula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Kisha hujibandika kwenye jani na kugeuka pupa asiyetembea, na baada ya siku chache mtu mzima hutoka.

Mabuu ya aina zinazokula vidung'ata huleta utata zaidi, kwa sababu nayo hufunikwa na nyuzi nyeupe za nta. Mkulima asiye makini huyadhania kuwa ni vidung'ata wakubwa na kuyaponda. Tofauti ni kwamba buu la mbawakawa hutembea upesi likiguswa, na kidung'ata hujikokota.

Pia wapo ndugu waovu. Baadhi ya mbawakawa wa jamii hii hula majani ya viazi, maboga na mimea mingine. Hao kwa kawaida huwa na mgongo usiong'aa, wenye vinywele vifupi, na mabuu yao ya manjano yana miiba yenye matawi. Wakionekana wakikwangua majani, hao si walinzi.

Mwaka 2011 wanasayansi waliripoti pia kuonekana nchini kwa aina ile ya Asia tuliyoitumia katika hesabu yetu, iitwayo Harmonia axyridis. Ni mlaji hodari wa vidukari, lakini hula pia mayai na mabuu ya mbawakawa wengine. Nchini Uingereza, alikofika mwaka 2004, baadhi ya aina za kienyeji zilipungua baada ya kuja kwake. Ndiyo maana si vyema mtu kuingiza wadudu kutoka nje bila ya idhini ya taasisi husika.

Kwa upande wa wadudu waharibifu, kidung'ata wa mapapai aliripotiwa katika Pwani ya Kenya mwaka 2016, na wakulima wa mipapai wa maeneo ya joto wanapaswa kumjua. Mbawakawa mmoja wa asili ya Australia, Cryptolaemus montrouzieri, ambaye huzalishwa na kuuzwa katika nchi nyingi, humla kidung'ata huyo, lakini huzorota joto linaposhuka chini ya nyuzi 16 hivi. Ni mdudu ambaye angefaa zaidi Mitunguu au Mbeere kuliko miteremko ya juu ya baridi.

Dawa itumike vipi?

Hakuna anayemwambia mkulima aache dawa kabisa. Yapo maadui ambao mbawakawa hawawezi, kama vile nzi wa matunda, aliyeripotiwa nchini mwaka 2003 akiwa wa aina mpya kutoka Asia, na viwavi wanaotoboa maparachichi na makadamia. Jambo la msingi ni kuchagua wakati, mahali na aina ya dawa.

Kabla ya kupuliza, mkulima achunguze matawi kadhaa katika sehemu mbalimbali za shamba, ageuze majani na kuangalia upande wa chini. Akiona mayai ya manjano na mabuu yakitembea katikati ya vidukari, angoje siku saba hadi kumi penye joto, au majuma mawili hadi matatu penye baridi, kisha achunguze tena. Idadi ya vidukari ikiwa imeshuka, dawa haihitajiki.

Iwapo ni lazima kupuliza, apulize miti iliyoshambuliwa pekee, aache mingine iwe kimbilio la wadudu rafiki. Maji ya sabuni laini huua vidukari walioguswa bila ya kuacha sumu ya kudumu kwenye majani.

Tahadhari inahitajika hata kwa dawa zinazosifiwa kuwa za kisasa. Zipo zinazovuruga ukuaji wa wadudu, ambazo haziui mbawakawa watu wazima lakini huzuia mayai kuanguliwa au mabuu kukomaa. Mkulima huwaona watu wazima wakitembea na kudhani kwamba walinzi wako salama, kumbe kizazi kinachofuata kimekwisha.

Suala hili linagusa mfuko moja kwa moja. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharagwe mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wa mishiri walipata hasara. Maparachichi mabichi ya Kenya, yaliyoanza kuuzwa China mwaka 2022 na ambayo yana soko kubwa Ulaya, hupimwa vivyo hivyo. Kila dawa isiyopulizwa ni gharama iliyookolewa na tunda lisilo na shaka.

Taasisi za kumsaidia mkulima zipo karibu. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lina kituo mjini Embu, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya uongozi wa Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima wa matunda. Maafisa wa kilimo wa kaunti wanaweza pia kumsaidia mkulima kutambua mdudu aliyemkamata shambani.

Kwa mkulima wa Meru na Embu, hatua ya kwanza haigharimu chochote. Ni kujua shamba lake liko katika ngazi gani ya joto, kujua ni mdudu gani anayeushambulia mti, na kuangalia chini ya jani kabla ya kushika bomba. Katika ngazi za juu za mlima, avute subira, kwani mlinzi wake huchelewa. Katika ngazi za chini, amwekee kivuli na akiba ya chakula, kwani huko mlinzi huondolewa na jua na njaa.